Mbwa Wangu na Sanduku la Wagonjwa

Mbwa wangu alimuuma mwenyekiti wa chama chetu mara mbili, na mara zote mbili nilimpa haki mbwa. Mara ya kwanza mama huyo aliingia uani bila kupiga hodi, akaenda moja kwa moja jikoni kuchungulia sufuria yangu. Mara ya pili alipiga hodi, lakini kwa sauti ile anayoitumia mikutanoni, na mbwa akadhani ni ugomvi. Nilimfunga mama huyo kitambaa mguuni, nikamwomba radhi kwa mdomo, na moyoni nikasema mnyama huyu ana akili kuliko sisi tuliompigia kura.

Sisi ni akina mama wauza viazi na kabichi hapa mtaa wa Mabanga. Mizigo yetu hutoka mashamba ya Kibumba alfajiri, na anayechelewa huachiwa kabichi zilizokwisha kuliwa na wadudu. Mwenyekiti wetu, ambaye kila mtu humwita Mama Prezida, hachelewi. Ndiye mwenye sauti, ndiye mwenye kanuni, na ukimkopa tabasamu utalirudisha na riba.

Jina la mbwa sitalitaja. Marehemu mume wangu alimleta kutoka Rutshuru juu ya lori la maharagwe, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia, akampa jina la mkubwa fulani wa serikali, na mkubwa huyo bado yu hai. Miaka yote nimemwita mbwa huyu kwa sauti ya chini. Kisha mume alifariki, mtoto wetu wa pekee akahamia Kampala, tukabaki wawili ndani ya nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Mbwa naye akazeeka. Macho yakaingia ukungu, meno yakahama moja moja, akawa anabweka huku amelala ili asijichoshe. Lakini nikirudi sokoni jioni nilikuwa na wa kumgombeza, na mwenye wa kumgombeza hayuko peke yake. Niliogopa sana siku ambayo ningefungua mlango ule nikakuta kimya.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, mbwa akashindwa kukojoa. Alikwenda kwenye pembe yake ya ua, akainua mguu, akangoja kama mtu aliye mbele ya dirisha la ofisi, kisha akashusha mguu na kurudi bila huduma. Jirani mmoja aliniambia nimchemshie nywele za mahindi. Nilichemsha chungu kizima, mbwa akanywa chote kwa heshima yangu. Ilikuwa dawa nzuri sana ya kuingiza maji. Ya kuyatoa haikuwamo. Kufika asubuhi tumbo lilikuwa gumu, na matone machache yaliyotoka yalikuwa na damu.

Daktari wa mifugo aliye karibu nasi ni daktari wa ng'ombe. Ana duka la dawa na chumba kimoja nyuma yake, na wateja wake ni wafugaji wanaoshuka kutoka Masisi na fimbo na mabuti yao. Nilimpeleka mbwa kwa chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyo na injini ambayo hubeba kabichi zangu kila siku. Mwenye chukudu alimpima kwa macho, akasema uzito wake ni nusu gunia, ila gunia halilii njiani, kwa hiyo nitalipa gunia zima. Nililipa. Mtu mwenye mgonjwa hana nguvu ya kubishana, na wao wanalijua hilo.

Daktari alimbonyeza tumbo kwa mikono mipana, akamtoa mkojo kidogo kwa mpira mwembamba, akasema kuna jiwe kwenye kibofu. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupasua na kulitoa. Ya pili ni sindano, alale asiamke. Kisha akataja bei ya njia ya kwanza, nami nikacheka, maana nilidhani ametaja ya ng'ombe. Kwa bei ile ningenunua mbwa wote wa mtaa wetu, na wenye mbwa juu yake. Nilimwambia hivyo. Hakukasirika. Alieleza kwamba uzi ni ule ule, na dawa ya usingizi inavuka mpaka na kulipiwa kila mahali bila kuulizwa inakwenda kumlaza nani. Nikauliza bei ya sindano. Ilikuwa ndogo, ya kapu moja la viazi, na ilinikasirisha kwa udogo wake. Akaniambia nisikae sana kuwaza. Mpira umeninunulia siku chache tu, na kibofu hakingoji.

Nilimpigia simu mtoto wangu. Alinihurumia kwanza, kisha akasema mbwa mzee namna ile hapasuliwi, atanitumia fedha kidogo ninunue mbwa mdogo. Nikamuuliza kama nami nikizidi kuzeeka atanibadilisha kwa mama mdogo. Nikakata simu kabla hajapata jibu.

Ndipo nilipolikumbuka sanduku. Tangu benki za mjini zifunge milango, akiba zetu ziko kwenye sanduku la bati la chama, na ndani yake kuna fungu la wagonjwa. Kila Ijumaa kila mama hutoa kitu. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, unasimama, unamtaja, unasaidiwa. Mimi nilikuwa nimetoa miaka na miaka bila kusimama hata siku moja, kwa sababu mume wangu alikufa ghafla, hakutupa nafasi ya kumwita mgonjwa. Nimelipia vidonda vya tumbo vya waume ambao ugonjwa wao ulitoka kwenye chupa. Nimelipia mguu wa mama mkwe wa Mama Prezida mara tatu, na ni mguu ule ule. Basi Ijumaa ile nilisimama nikasema nina mgonjwa nyumbani.

Wote waligeuka. Mtunza sanduku, mama mpole kutoka Butembo ambaye hufunga kufuli na kuligusa tena kama halijafungwa, aliniuliza kwa huruma ni nani, maana wote walijua ninaishi peke yangu. Nikasema ni mbwa.

Kelele iliyofuata sikuwahi kuisikia hata siku bei ya kabichi ilipoanguka. Mmoja alisema tukimkubali mbwa leo, kesho mama huyu ataandikisha kuku wake, na kuku wake hawakosi mafua. Mwingine, mwenye akili ya mbali, alisimama na swali: anayesaidiwa akiugua, kwa kanuni zetu, husaidiwa pia akifa. Je, mbwa huyu akifa, tutakuja kukaa matanga? Tutaleta sukari na makaa? Tutalala chini? Niliona wanawake wazima wakilifikiria jambo hilo kwa uzito, na mimi mwenyewe nikaanza kulifikiria.

Nilingoja Mama Prezida anikatalie, nimtukane, niende nyumbani. Hakukataa. Alisema kanuni ni kanuni: kabla ya kukubali au kukataa, mgonjwa hutembelewa. Kanuni hiyo aliiweka mwenyewe baada ya mwenzetu mmoja kupewa fedha za bibi yake mahututi, kisha bibi akaonekana Kibumba na jembe, akilima kwa nguvu kuliko wajukuu.

Walikuja siku iliyofuata, yeye na mtunza sanduku. Walikuwa na sukari, sabuni na mkate, kwa sababu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, na hawakujua mbwa hupelekewa nini. Niliwapa viti. Mama Prezida alikaa na kuipandisha miguu yake juu ya ubao unaounga miguu ya kiti, kimya kimya, kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaoingia maji. Mbwa alikuwa amelala karibu na mlango juu ya gunia.

Hodi yao ilikuwa imemwamsha. Aliinua kichwa, akamtafuta mwenye sauti kwa macho yale ya ukungu, akampata. Nilishika kamba ya shingoni mwake. Alinyoosha miguu ya mbele, akajaribu kusimama, ya nyuma ikakataa. Akafungua mdomo na hakutoka kitu. Kisha akakilaza kichwa tena juu ya gunia, akaendelea kumtazama tu, kama anayemwomba radhi kwa kutomtimizia haki yake.

Mama Prezida aliishusha miguu yake chini, mmoja, kisha wa pili.

"Hii imbwa inaniona na inanyamaza," alisema. "Basi inagonjwa kabisa."

Nililia hapo. Sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu matanga ya mume wangu, na kumlilia mbwa mbele ya mwanamke yule hakukuwa kwenye mipango yangu. Mtunza sanduku, ambaye hawezi kuona chozi bila kuomba, aliinama na kuanza sala ya wagonjwa. Aliombea usingizi, akaombea hamu ya chakula, akafika mahali panapotajwa jina, akafungua jicho moja kuniuliza. Nilitaja jina la mbwa kwa sauti ya chini. Aliitikia amina haraka haraka na kutazama dirishani kama kuna aliyesikia.

Walipotoka nje uani nilimsikia mtunza sanduku akinong'ona kwamba atashindwa kuandika, maana kitabu kinataka mtu wa nyumba. Mama Prezida alikuwa akivaa viatu.

"Andika mugonjwa," alimwambia. "Kanuni haiulizake iko na miguu ngapi. Huyu mama alilipia mguu ya mama mukwe wangu, na hakuna siku alisema ile mguu ni ya uongo."

Nilikuwa nimesema, lakini si kwa sauti ya kumfikia.

Fungu la sanduku halikutosha. Daktari alikubali kilichobaki nikilipe kwa viazi, na hadi leo familia yake inakula viazi vyangu na kulalamika kuwa ni vidogo. Alimpasua asubuhi. Chama chetu hakimwachi mgonjwa bila wa kumkalia, yule ambaye mahospitalini hapa huitwa garde-malade, na zamu ya kwanza ni ya mwenyekiti. Alikuja na mkeka, thermosi ya chai na kitenge cha kufukuzia nzi. Wafugaji waliokuja kununua dawa ya kupe walimkuta mama mnene amekaa chini kando ya mbwa aliyelala, wakamwamkia na kumpa pole. Akazipokea zote.

Daktari alitutolea jiwe kwenye kisahani. Lilikuwa dogo kama harage la Rutshuru. Mama Prezida alilichukua, akaligeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza viazi vya watu ili apunguze bei, akauliza kama hili ndilo tulilolipia. Daktari alisema ndilo. Akaliomba lifungwe kwenye karatasi, alipeleke Ijumaa, wanachama waone fedha yao ilikokwenda.

Mbwa alipona. Ila kuna jambo sikulijua, kwa kuwa sikuwahi kuwa na mgonjwa katika chama: ukishaandikwa, wenzako huja kukuona hadi utakaposimama mwenyewe mkutanoni na kutangaza kwamba mgonjwa ni mzima. Walianza kuja jioni, wawili wawili, na viazi vitamu, na mahindi ya kuchoma. Walikaa kwenye viti ambavyo tangu matanga vilikuwa vikikaliwa na vumbi. Mgonjwa walimuuliza kwa sentensi moja, kisha wakaingia kwenye bei, waume na wakwe, na nani ameonekana na nani. Mara ya kwanza nilipocheka ndani ya mbao zile nilishtuka, nikatazama nyuma kujua ni nani.

Ukweli ni kwamba mbwa alikuwa mzima mapema mno. Akala, akanenepa, akaanza kuwafukuza kuku wa jirani. Ijumaa ikafika, nikasimama ili nitangaze. Nikasikia mdomo wangu ukisema mgonjwa anawashukuru, ila bado anakula kidogo. Ijumaa nyingine nikasema ana kizunguzungu. Nikisikia hodi, humfungia chumba cha nyuma na mfupa ili anyamaze, na fedha ninayotumia kwa mifupa sasa inakaribia ya daktari.

Juma lililopita Mama Prezida alikuja peke yake, na mfupa ulikuwa umekwisha. Hata hajakaa vizuri, kutoka nyuma ya ukuta mbwa alibweka kwa sauti ya mbwa kijana, akakwaruza mlango, akabweka tena hadi mbao zikatetemeka. Mtaa mzima ulisikia. Nilisimama na thermosi mkononi, sijui nitazame wapi. Yeye alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasogeza kiti chake karibu na meza na kuninyooshea kikombe.

"Alilala aje, mugonjwa wetu?"

"Bado kidogo, mama," nilimjibu, nikammiminia chai.