Herufi Moja Niliyoisahau Ubaoni

Leo mwanafunzi wangu nusura aache masomo kwa kosa langu mimi.

Nafundisha kompyuta hapa Timbwani. Mwanafunzi huyo, Bi Mwanakombo, ni mshonaji, umri wake wanizidi mimi mara mbili. Anataka kutengeneza programu ya kuweka vipimo vya wateja wake.

Asubuhi nilimwandikia amri yake ubaoni. Ni ile ya kuiambia kompyuta ivute kutoka mtandaoni vipande vya programu vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, usije ukaanza kila kitu tangu mwanzo.

Akaiandika. Skrini ikajaa maandishi mekundu.

Akarudia. Mekundu tena.

"Mwalimu, niwie radhi. Nimeiharibu mashine yako."

Nami, hata sikusogea kuangalia, nikamjibu, "Andika polepole, mama. Fuata ubao."

Masikini, akaufuata ubao mara tano. Kisha akachukua mkoba wake, machozi yamlenga.

"Haya ni ya vijana. Wacha nirudi kwenye cherehani yangu."

Hapo ndipo nilipoinama nikasoma mstari wa mwisho. Kompyuta ilisema hakuna kipande chenye jina hilo.

Nikatazama ubao. Nilikuwa nimeruka herufi moja.

Nikamwambia mbele ya darasa zima, "Mama, hujakosea hata mara moja. Nimekosea mimi."

Akaketi. Akaongeza ile herufi, akabonyeza, na vipande vikaanza kushuka kimoja kimoja.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Kumbe nawe hukosea," akaendelea na kazi.

Walimu wenzangu, hebu niambieni: ni wangapi waliotutoka hivi, wakidhani wao ndio wajinga?