Sauti ya Pili Ilikuwa Kushoto

Sikio langu la kushoto halisikii. Lilianza kutoa usaha nikiwa darasa la pili, huko Mbozi kwenye kahawa. Mama akalitia maji ya majani, kisha mafuta ya uvuguvugu, kisha tukaenda zahanati, na lilipoacha kuuma kila mtu nyumbani alifurahi kwamba limepona. Kweli lilikuwa limepona. Lilikuwa pia limeacha kazi. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na kwa sababu la kulia lilifanya kazi ya wawili bila kulalamika.

Redio ya baba ilikuwa na spika moja, na spika hiyo ilitoa kila kitu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mahubiri. Aliyekaa sebuleni na aliyekuwa akianika kahawa nje walisikia jambo lilelile. Ndiyo maana nilipokuja kuziona hedifoni ukubwani nilidhani ziko mbili kwa sababu masikio ni mawili, kama kandambili. Moja ya huku, nyingine ya kule, safari ni moja.

Niliolewa Tunduma, nikafungua kibanda cha kushona nguo, nikajiunga na kwaya. Nina sauti nzito kidogo, wakaniweka sauti ya pili. Kwa miaka mingi tulijifunza nyimbo kwa njia ya kawaida, mwalimu anaimba, sisi tunarudia, anaimba tena, tunakosea tena. Kisha akaja mwalimu mpya, mwanaume kijana aliyevaa hedifoni kubwa shingoni hata wakati wa sala, akasema kwaya yetu inapoteza muda. Kuanzia sasa angerekodi kila sauti na kututumia kwenye simu. Kila mtu ajifunze kwake, akija mazoezini aje anajua.

Alieleza pia, naambiwa, jinsi rekodi hizo zilivyopangwa. Alieleza tukiwa tunatoka kanisani, watu wanasalimiana, yeye amesimama kushoto kwangu. Niliitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu.

Nikanunua hedifoni za waya kwa mchuuzi wa barabarani, nikazivaa nikiwa kwenye cherehani, nikajifunza wimbo wa kwanza. Nilishangaa kidogo kwamba sauti ya pili imeimbwa na mwalimu mwenyewe, tena chini namna ile. Lakini mwalimu ni mwalimu. Niliimba nikikata vitambaa, niliimba nikipiga pasi, hadi wateja wakaanza kuniitikia. Sijawahi kuujua wimbo vizuri kama nilivyoujua ule.

Siku ya mazoezi tulisimama. Mwalimu akainua mkono. Wenzangu wa sauti ya pili wakaenda njia moja, mimi nikaenda nyingine, kwa sauti kubwa ya mtu aliyejiandaa. Jirani yangu wa benchi akanigusa kiwiko. Nikadhani ananitia moyo, nikaongeza.

Mwalimu akasimamisha kwaya. "Dada, rekodi umeisikiliza?"

"Nimeisikiliza wiki nzima, mwalimu."

"Kwa kitu gani?"

Nikamwonyesha zile za waya. Akazishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu kwenye mfereji. "Hizi zinakula sauti," akasema. "Hapa husikii muziki, unasikia kelele za plastiki. Tafuta zenye ubora."

Wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Nami nikakubali, maana lilikuwa jibu zuri kuliko lile nililokuwa nimeanza kuliogopa, kwamba sina kipaji.

Tunduma ukitaka kitu chenye ubora unapewa vyote vyenye ubora. Katika mtaa ule wa maduka ya simu karibu na mpaka hakuna kitu cha kawaida. Mwenye duka la kwanza alinipa hedifoni za kufunika masikio, laini kama mto wa mtoto, akasema zina besi. Nilimwambia sitafuti besi, natafuta sauti ya pili. Akasema besi ndiyo inayobeba zote. Nikazichukua.

Zilikuwa na joto. Mteja akiingia kibandani ilibidi anipungie mkono. Na mwalimu, ambaye kwenye zile za mwanzo alikuwa anaimba tu, sasa alinguruma kama lori linalopanda mlima na shehena. Kila neno lake lilisikika, hata pale alipovuta pumzi. Nilijifunza wimbo wa pili kwa ubora huo wote, nikaenda mazoezini, nikakosea kwa usafi usio na kifani.

Safari hii mwalimu hakutaja ubora. Alinitazama, kisha akatazama hedifoni zangu, ambazo zilikuwa kubwa kuliko zake, na nikaona hilo limemsumbua zaidi.

Nikazirudisha dukani. Mwenye duka akazivaa, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa mdundo. "Mama, zipo sawa." Akamvisha mteja mwingine, naye akasema zipo sawa. Kwa watu hao wawili zilikuwa sawa kabisa. Nikatoka nikiwa nimezishika, nikavuka barabara, nikaingia kwenye duka dogo la mwanamke mmoja wa upande wa Zambia aliyeolewa kwetu. Alikuwa anauza na kutengeneza, na meza yake ilijaa nyaya.

"Bamayo, karibu," akasema. Wa ng'ambo ndivyo wanavyomwita mama. "Tatizo ni nini?"

"Nimenunua hizi. Kila mtu anasikia vizuri isipokuwa mimi."

Hakucheka. Akachomeka waya wa hedifoni ndogo kwenye simu yangu, akatia ya kulia katika sikio langu la kulia, na ile ya kushoto akaitia katika sikio lake. Tukasimama tumeunganishwa kama mbuzi wa kamba moja. Akabonyeza wimbo.

"Huyu mwanamke anaimba vizuri," akasema baada ya muda.

"Mwanamke gani?"

"Huyu anayeimba."

"Anayeimba ni mwanaume," nikasema. "Ni mwalimu wetu."

Tukatazamana. Akatoa ile ya kwake, akatoa ya kwangu, akazibadilisha. Na mke wa mwalimu, ninayemjua, niliyemshonea kitenge cha sikukuu, akaimba sauti ya pili ndani ya kichwa changu, kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa amekaa mlangoni akingoja kukaribishwa.

Kumbe mwalimu alikuwa amepanga hivi: sauti yako kushoto, na kulia sauti ya tatu, ile ya wanaume, anayoimba yeye, ili uzoee kushika njia yako hata mwenzako akikuvuta. Mimi nilikuwa nimevutwa tangu siku ya kwanza.

"Bamayo," yule mwanamke akasema, akigusa sikio langu la kushoto, "hili halisikii?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza. Nikasema ndiyo, na nikashangaa jinsi lilivyo neno fupi.

Nilidhani sasa ataniuzia kitu cha bei kubwa zaidi. Akavuta boksi chini ya meza, limejaa hedifoni zilizokufa upande mmoja. "Hizi watu wanazitupa," akasema. Tukatafuta pamoja hadi tukapata iliyo hai upande wa kushoto, akanipa. Nikaivaa kulia.

Kwa wiki moja nikajifunza sauti ya pili yote, nyimbo zote. Nikamfuata mwalimu, nikamweleza habari ya sikio na kumwambia sasa niko tayari. Akafikiri.

"Dada, nimeshapanga," akasema. "Sauti ya tatu nina wanaume watatu tu, na hawaijui. Wewe unaijua vizuri kuliko mimi. Nilidhani unafanya makusudi, unaomba kuhamishwa."

Ndivyo nilivyohamia kwa wanaume, na ndipo nilipo hadi leo.

Jioni ya siku ile niliyoongea na mwalimu, nilimwambia na mume wangu kwamba sikio moja halisikii. Ni fundi wa matairi ya malori, mtu asiyeshtuka haraka. Akaacha kula.

"Lipi?"

"La kushoto."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la pili."

Akapiga hesabu zake. "Kwa hiyo ukiwa umelalia la kulia, mimi naongea..."

"Nakuwa sikusikii. Naitikia 'mh' ili usijisikie vibaya."

"Kuna siku nilikuomba mama aje akae na sisi," akasema polepole. "Ukaitikia 'mh'. Nikamwambia mke wangu amekubali bila neno."

Nikaikumbuka siku ile mama mkwe aliposhuka kwenye gari na mizigo, kuku wawili na godoro, akanikumbatia na kunishukuru kwa moyo wangu, nami nimesimama mlangoni nikidhani amekuja kusalimia. Amekaa nasi mwaka wa nne sasa, na hatujawahi kugombana.

Tangu jioni ile mume wangu akiwa na jambo la maana huja kulia kwangu, ananiita, anasubiri nigeuke. Ila nimeanza kuona kwamba habari za ndugu zake bado anazileta kushoto.