Mikanda ya Marcellin

Katika miji mingi niliyopita, wivu wa ndoa huanzia kwenye simu. Kabambare nilikuta mwanamke ambaye wivu wake ulianzia kwenye mikanda ya usalama.

Nilikuwa nikisubiri pikipiki itengenezwe niende Lusangi, na nilikula kwa Dieudonnée, aliyepika bugali na sombe, majani ya muhogo, kando ya shantie, pale kituo kipya cha afya kilipokuwa kikijengwa. Mumewe, Marcellin, alikuwa fundi wa paa. Kila asubuhi mafundi walivaa mikanda inayopita mabegani, kifuani na kuzunguka mapaja, kisha wakapanga foleni mbele ya Falone, msichana wa Salamabila aliyesomea usalama wa kazini. Kanuni yake ilikuwa kwamba hakuna anayepanda bila kukaguliwa na mwenzake. Alivuta mkanda wa kifua, akapita nyuma, akainama kukaza ile ya mapaja. Dieudonnée alitazama yote kupitia moshi wa sufuria.

“Mama Heri, sombe inaungua,” Ngoy, fundi mwenzake Marcellin, alimtania Dieudonnée. “Macho yako iko kwa foleni.”

“Acha iungue.”

Nyumbani hakunyamaza. Yeye mwenyewe alinisimulia.

“Ule mutoto anakushika mapaja kila siku, na wewe unatulia kama mbuzi wa soko.”

“Anakaza mikanda tu. Mutu hawezi kujiona mugongo.”

“Basi huo mugongo nitakuangalia mimi. Kule asikuguse tena.”

Marcellin alitaka amani. Asubuhi iliyofuata mkewe alimvisha nyumbani. Mkanda wa kifua aliufunga kwa nguvu. Ile ya mapaja aliiacha ikining’inia, kwa kuwa aliamini ilikuwa kisingizio cha Falone. Kwenye shantie, Falone alipokuwa akimkagua mtu mwingine, Marcellin alipitia ngazi ya nyuma, akapanda, akajiunganisha na kamba ya paani kama wenzake.

Bati lilikuwa na umande. Aliteleza, akaanguka nje ya ukingo wa paa, na kamba ikamdaka. Lakini mwili wake ulianza kuchomoka chini ya mikanda. Mkanda wa kifua ulipanda hadi kwapani. Alinyoosha mikono juu kutafuta kamba.

“Shusha mikono, Marcellin,” Falone alisema kutoka chini, bila kupiga kelele. “Bana kwapa. Usinyooshe.”

Alibana. Ngoy alilala kifudifudi juu ya bati, akamshika nguo za mgongoni, na wenzake wakamvuta.

Falone aliitazama mikanda ya mapaja iliyoning’inia. “Nani alimufunga huyu?”

“Mimi,” alisema Dieudonnée. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

 Falone alimfukuza Marcellin paani kwa siku zilizobaki za wiki ile. Dieudonnée alipika na hakula. Kisha akamfuata msichana yule, uso bado umekunjwa.

“Hii ya mapaja inakazwa namna gani?”

“Unataka kujua, mama, ao unataka nisimuguse?”

“Yote mbili.”

Falone alicheka. “Nitakufundisha. Lakini huku hatukagui bwana peke yake. Utakagua foleni yote.”

Niliporudi kutoka Lusangi, sufuria za Dieudonnée zilikuwa kwa dada yake. Dieudonnée alisimama mbele ya foleni, kofia ngumu juu ya kitambaa chake, Falone kando akimwangalia anavyofanya. Marcellin alikuwa amekaguliwa wa kwanza na alishafika kwenye ngazi. Zamu ilikuwa ya Ngoy.

“Polepole, Mama Heri. Hakuna haraka,” alisema Ngoy, mikono imeinuliwa kama bwana harusi anayepimwa suti.

Dieudonnée aliinama, akavuta mkanda wa paja hadi Ngoy akaguna. Mafundi walicheka, isipokuwa mmoja.

“Baba Heri, panda,” alisema mkewe bila kugeuka.

Marcellin hakupanda. Alizunguka, akasimama tena mwisho wa foleni, akangoja mpaka zamu yake ilipofika.

“Huu wa kuume umelegea,” alisema.

Haukuwa umelegea. Dieudonnée aliinama, akaufungua, akaanza upya.