Fundi Mkuu na Taarabu

Nilipoanza kazi ya ushonaji Kariakoo, miaka ya hamsini, nilimwogopa fundi mkuu, maana hakucheka na mtu. Siku moja mafundi wenzangu wawili walibishana, mmoja akisifu dansi, mwingine santuri za Kongo. Mimi, mgeni kutoka Kilimanjaro, nikaropoka kwamba napenda taarabu, niliyoizoea kwa mama mwenye nyumba wangu. Wakaangua kicheko.

"Mchaga na taarabu, wapi na wapi?"

Fundi mkuu akasimamisha cherehani. Nikajua nafukuzwa.

"Marehemu mama yangu alikuwa mwimbaji wa taarabu," akasema taratibu. "Jumamosi kuna arusi kwa dada yangu, wataimba. Utakuja, mwanangu?"

Nikashusha pumzi. Jumamosi alinipitia mwenyewe, amevaa kanzu nyeupe, njia nzima akiniimbia.