Kitabu cha Katuni Chenye Shanga Mgongoni

Kwanza niseme wazi kwamba sikwenda kwenye lile tamasha kugombana. Nilikwenda na kitabu kimoja tu, nimekifunga kwenye kitenge, nikitaka mzee aliyekichora akiwekee saini. Yaliyotokea yalitokea kwa sababu kuna watu hawawezi kuacha kitu kama walivyokikuta, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Nakusanya vitabu vya katuni. Nina duka la steshenari hapa Karatu, natoa fotokopi, nauza kalamu na madaftari, na chumba cha nyuma ambacho wateja wanadhani ni stoo kimejaa katuni kutoka sakafuni mpaka darini. Mume wangu alishazoea. Majirani hawajazoea, na kwenye kila harusi au msiba hakosekani mtu wa kuniuliza lini nitakua niachane na mambo ya watoto. Nawajibu kwamba nilishakua, ndiyo maana nina chumba cha kuviweka.

Kile nilichokifunga kwenye kitenge ndicho kitabu cha kwanza kuwa changu mwenyewe. Kinamhusu kondakta wa kike wa basi la mikoani, mwanamke asiyemwogopa trafiki, tapeli wala tajiri mwenye basi lake. Nilikuwa msichana wa Mbulumbulu, ngano upande huu na maharage upande ule, na kila siku niliambiwa nipunguze mdomo kama nataka kuolewa. Halafu nikakutana na huyu ambaye hajaupunguza hata kidogo na maisha yanamwendea. Nilimpenda kuliko baadhi ya shangazi zangu, na sioni haya kusema hivyo.

Nyumbani kwetu alikuwa akikaa mvulana wa Kimasai tuliyesoma naye darasa moja. Boma lao lilikuwa juu, Ngorongoro, mbali na shule yoyote ya maana, kwa hiyo baba yake na baba yangu walikubaliana akae kwetu wakati wa masomo na likizo arudi kwao. Tulikua kama ndugu, na mpaka leo ananiita dada. Likizo moja aliniomba aondoke na kile kitabu. Nilimpa kwa masharti mengi kuliko ya shule, akayakubali yote. Alipofika kwao alikiweka juu ya jiwe akaenda kunywesha ng'ombe, na ndama akakipata.

Ndama alitafuna mgongo wa kitabu na kurasa zikabaki zimetapakaa zizini. Rafiki yangu aliziokota, akampelekea mama yake huku akilia na kusema kwamba dada yake wa Mbulumbulu atamuua. Mama yake hajui kusoma, na kitabu cha namna ile alikuwa hajawahi kukishika. Lakini alijua vizuri kitu cha thamani kikipasuka kinafanywaje. Kwao kibuyu cha maziwa kikiingia ufa hakitupwi. Mama mwenye nyumba anatoboa matundu kandokando ya ufa, anaushona, na pale aliposhona anapanga shanga. Kibuyu kinarudi kazini, na pale palipopasuka ndipo panapopendeza kuliko pengine pote.

Basi akakitengeneza kitabu changu kama kibuyu. Alizipanga kurasa kwa kutazama picha, akaweka ukanda mwembamba wa ngozi mgongoni, akatoboa, akashona kwa nyuzi alizozichomoa kwenye mfuko wa salfeti, na juu ya mshono akapanga shanga nyekundu, nyeupe na buluu kutoka juu mpaka chini. Ukurasa mmoja aliuweka si mahali pake, kwa hiyo katika nakala yangu kondakta anamtukana trafiki kabla hajakutana naye. Kitabu kiliporudi, shule nzima ilitaka kukishika. Hakuna mtu Mbulumbulu aliyekuwa na kitabu kama changu, na sikuchoka kuwakumbusha.

Hicho ndicho kitabu nilichokwenda nacho kwenye tamasha.

Tamasha lililetwa na vijana wa mjini, mashabiki wa katuni. Walikodi ukumbi wa hoteli iliyoko njia ya kwenda geti la Ngorongoro, ili wageni wao wakimaliza waende kuitazama kreta. Nilimwomba rafiki yangu anisindikize, akaja moja kwa moja kutoka mnadani, na shuka lake, fimbo yake na vumbi lake. Ndani tulikuta watu wamevaa kama wahusika wanaowapenda: kofia za maboksi zilizopakwa rangi ya fedha, nywele za buluu, mabawa ya sponji. Binti mmoja mwenye mabawa alimzunguka rafiki yangu, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza amekuja kama nani.

"Mimi ni mimi," rafiki yangu akamjibu.

Binti akamsifu kwamba amejitengeneza vizuri sana, na akataka kujua kitambaa amekipata wapi. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Kicheko kiliisha nilipofika mapokezi. Nilielezwa kwamba mzee hasaini kitabu kilichotoka mkononi mwa mtu. Kwanza kinapelekwa kwenye meza ya mpimaji, kinakaguliwa na kupewa alama kulingana na kilivyotunzwa. Ndipo mzee anasaini mbele ya shahidi wao, na papo hapo kinafungiwa ndani ya gamba gumu la plastiki ambalo halifunguliwi tena. Nikauliza, na mwenye kitabu akitaka kukisoma? Dada wa mapokezi aliniambia kwa upole mwingi kwamba anayetaka kusoma anunue kingine.

Ningeondoka pale pale. Lakini mzee alikuwa ameketi meza ya pili, mwembamba, amevaa sweta nzito kwa baridi yetu, na kila mtu ukumbini alijua kwamba mkono wake umeanza kutetemeka na kwamba baada ya hapo hatasaini tena popote. Nilikuwa nimemsubiri mtu yule tangu utotoni. Nikajiambia niende kwanza kwa mpimaji, habari ya gamba tutaizungumza mbele.

Mpimaji alikuwa kijana nadhifu mwenye glavu nyeupe na tochi ndogo. Alikifungua kitenge changu, akauliza nani alikifanyia kitabu hivi. Nikamweleza kwa fahari, ndama na kibuyu na yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba huo ni uharibifu. Kitabu kilichoshonwa na mtu asiye mtaalamu alama yake ni ya chini kabisa. Nikamwambia kidato cha nne nilipata daraja la nne na bado nafungua duka langu kila asubuhi, kwa hiyo aandike tu hiyo alama yake, sitazimia.

Akasema tatizo si alama. Kwa unene wa zile shanga gamba halitafunga. Bila gamba kitabu hakiingii kwenye utaratibu, na kisipoingia kwenye utaratibu mzee hawezi kukisaini. Lakini dawa ipo. Atoe shanga, atoe ngozi, kurasa zipangwe inavyotakiwa, na saini nitaipata siku hiyo hiyo.

"Mama, ni shanga tu," alisema.

Nilimgeukia rafiki yangu nikitegemea atakasirika kwa niaba ya mama yake. Yeye alikuwa anamtazama mzee.

"Mwache akate, dada," alisema taratibu. "Yeyo yuko hai, atashona nyingine. Huyu mzee hatapanda tena huku."

Yeyo ni mama kwa Kimasai, na mimi pia namwita hivyo. Maneno yale yalinilegeza. Mwenye haki ya kukataa alikuwa amekubali, tena kwa ajili yangu, na saini ilikuwa hatua chache kutoka pale niliposimama. Nilisimama nikipima moyoni. Nilitaka vyote viwili, na nilikuwa naambiwa nichague.

Yule kijana akadhani ukimya wangu ni ruhusa. Mkasi ulilia mara moja. Uzi ukaachia, shanga za upande wa juu zikamwagika mezani, zikaruka sakafuni na kutawanyika chini ya viti.

Nikaweka kiganja changu juu ya kitabu. Sikujua kwamba nina hasira ya kiasi kile, nami najijua.

"Weka mkasi chini," nilimwambia. "Kitabu hiki kimetafunwa na ndama kikapona. Hakitakufa mikononi mwako."

Alisema nitulie. Nikamwambia sitatulia. Nikamwambia, na ukumbi ukisikia, kwamba alama yake sitaki na gamba lake sitaki, na kama bei ya saini ni kufumua kazi ya yeyo, basi na saini nayo ibaki. Saini nilikuwa naitaka bado. Lakini nilikuwa nimechagua, na sikujuta hata kidogo.

Watu wakaanza kuinama. Wenye kofia za maboksi, wenye nywele za buluu, wote wakawa wanatambaa sakafuni wakiokota shanga, na yule binti alilazimika kuvua mabawa ili aingie chini ya meza. Rafiki yangu alikunja pembe ya shuka lake, wakawa wanamtilia humo.

Nilipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama mbele yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono akiomba kitabu. Nikampa. Akafanya jambo ambalo siku ile nzima sikumwona mtu mwingine akilifanya pale ukumbini: alikifungua akaanza kusoma. Alisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, foleni yake ikimsubiri. Alipofika pale kondakta anapomtukana trafiki ambaye hajamwona, akarudi nyuma, akasoma tena, mabega yakaanza kumtikisika kwa kucheka.

"Hivi ndivyo nilivyopaswa kuipanga hadithi hii," alisema. "Nani huyu amenisahihisha?"

Rafiki yangu akamwambia ni mama yake. Mzee akaomba kalamu. Mmoja wa waandaaji akaja haraka, akamwinamia sikioni, akamkumbusha makubaliano yao. Mzee alimsikiliza bila kukatiza.

"Nimekichora mimi," alimjibu. "Kama hiki siruhusiwi kukisaini, basi vile vingine nasaini nini?"

Jalada lote lilijaa picha. Nafasi nyeupe ilikuwa moja tu, ukanda mwembamba kando ya mgongo, pale juu shanga zilipokatwa. Akaandika jina lake humo kwa shida, herufi zikipanda na kushuka kama nyayo za kuku kwenye tope. Halafu akarudi kwenye meza yake na akaketi. Yule mpimaji alinieleza, na sasa alikuwa na adabu zaidi, kwamba saini isiyo na shahidi wao haitatambuliwa mahali popote. Nikamwonyesha ukumbi mzima wa mashahidi waliopiga magoti, nikakifunga kitabu changu kwenye kitenge, nikatoka. Nilitembea katikati ya Karatu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Asubuhi yake tulipanda Ngorongoro kwa gari lililokuwa linapeleka mahindi. Ukungu ulikuwa bado msituni, lakini bomani jua lilishatoka, na yeyo alikuwa ameketi nje akiliota. Nikainamisha kichwa kumwamkia kwa desturi yao, akakigusa. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na siku hizi watu anawajua kwa sauti na vitu anavijua kwa vidole. Nilimweleza habari ya ukumbi, mwanawe akinitafsiria niliposhindwa, akacheka sana kwenye mabawa. Kwenye mkasi hakucheka.

Nikamwekea kitabu mapajani. Nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya jina la mzee, nikamwambia ndiyo hii, mwenye kitabu ameandika kwa mkono wake. Akapapasa karatasi pale, akasema hasikii kitu. Kisha vidole vikashuka mgongoni, vikapita kwenye shanga, vikapanda tena mpaka mahali pa mkasi, vikakaa hapo.

Akaomba sindano. Mwanawe akamtungia uzi, akamwekea kiganjani ya kwanza kati ya zile shanga zilizookotwa. Yeyo akayatafuta matundu yake ya zamani, akalijaribu moja, akajaribu la pili. Yalikuwa yamechanika na yasingeshika uzi. Akayaacha, akasogea ndani kidogo kutafuta karatasi nzima, na karatasi nzima ilikuwa ule ukanda mweupe, kwenye jina.

Rafiki yangu aliona kabla sindano haijagusa. Akanyoosha mkono amzuie, tayari amefungua kinywa. Nikamdaka kifundo cha mkono.

"Mwache ashone," nilimwambia.

Sindano ikapita. Yeyo akavuta uzi ukakaza, shanga nyekundu ikakaa juu ya herufi ya kwanza ya jina la mzee, naye akanyoosha kiganja apewe nyeupe.