Mkono wa kiti cha baba

Leo nimemliza mama yangu, na nilikuwa namwandalia zawadi.

Mama haoni tena, miaka kadhaa sasa. Kiti cha marehemu baba kiko barazani kwake hapa Kitendaguro, kimechakaa, mbao zinachoma. Nikaazima mashine ya kupiga msasa kwa fundi jirani.

Jamani, ile mashine ina nguvu! Nilipoikandamiza ikanivuta, ikachimba shimo kwenye mguu wa kiti.

Fundi akanicheka. "Usiikandamize. Ishike tu, iende taratibu, fuata uzi wa mbao."

Nikatulia. Ikanitii. Kufika mchana mkono wa kiti ulikuwa unateleza. Nikaupiga na picha kabisa!

Nikamwita mama. Akaketi, akapapasa ule mkono.
Akapapasa tena.

"Mwanangu, hiki kiti cha nani?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Baba alikuwa anakatia tumbaku yake pale, kisu kikaacha alama. Kila asubuhi mama huketi na kupitisha vidole juu yake. Mimi nilidhani anajishikilia tu asianguke.

"Ni cha Tata, mama," nikasema, maana ndivyo tulivyomwita baba. "Nimekilainisha."

Machozi yakamtoka. Halafu akasema polepole:

"Asubuhi alikuwepo."

Vumbi lote bado limo kwenye kifuko cha mashine. Fundi anaitaka mashine yake, na mimi nimekaa nayo mapajani.

Ingekuwa wewe, vumbi hili ungelimwaga wapi?