Msumari Haujui Kushuka

Mkwe wangu anaitwa Gladness. Kwa mdomo simtaji hivyo, namwita Mama Princess, kwa jina la binti yake, bado mtoto mdogo. Kwetu Wasukuma mwanamke na baba mkwe wake hawapeani mkono. Hawakalii kiti kimoja. Chumbani kwake siingii hata nyumba ikiungua. Hivyo ndivyo tumeishi hapa Kisesa tangu mwanangu Revocatus amlete.

Alikuja na kicheko kikubwa. Alikuwa anauza dagaa sokoni, unamsikia toka barabarani: "Njoo mjomba, dagaa wa Ukerewe huyu! Jana alikuwa anaogelea!" Roza, mke wangu, alimpendea kicheko hicho.

Kisha akapata saratani ya titi. Walilikata. Akatiwa madawa, nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi. Akapona. Ila mkono wa upande ule ukaanza kuvimba. Hospitali wakasema uvimbe huo hauishi, unazuiwa tu. Afungwe bandeji kila asubuhi, toka vidoleni mpaka kwapani, ikaze sawasawa.

Roza ndiye aliyekuwa anamfunga. Walikuwa na namna yao. Gladness anasimama chumbani, ananyoosha mkono juu. Roza anashika ncha ya bandeji akiwa mbali kidogo, anaivuta. Gladness anajizungusha taratibu, bandeji inajiviringa yenyewe, na Roza anaishusha polepole kumfuata. Mimi sebuleni nasikia nyayo zinazunguka, nasikia wanacheka.

"Cheza, mayo, cheza!" Roza anasema. Mayo kwetu ni mama.

Kumbe Roza naye alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hakusema. Aliposema, ulikuwa umefika kwenye mifupa. Tulimzika wakati wa masika.

Toka hapo sitoki. Tanga la msiba wake halijaondolewa. Wa kuja kunitoa ni shemeji zangu wa Misungwi, ndugu zake Roza, na hawajaja, mara hili mara lile. Mpaka waje, mwisho wangu ni ua wa minyaa. Mdogo wangu Mashimba amekuja kukaa nami nisiwe peke yangu. Ananilinda pia.

Ndipo likaja jambo la matembezi. Mwalimu mmoja, Odeta, alikusanya watu watembee kwa miguu toka Kisesa mpaka ziwani Mwanza. Watu wachange, mchango uende kwa madaktari wanaochunguza kwa nini wanawake wa huku saratani yao inagundulika kwa kuchelewa. Gladness akajiandikisha siku ile ile.

"Utaanguka njiani," Mashimba akamwambia.

"Nikianguka mtaniokota, baba mdogo. Mimi si mzito, walishanipunguza."

Mashimba akatazama chini. Mimi nilitaka kucheka, sikucheka.

Gladness akaangalia kigoda cha Roza. Akasema, "Mama alinifunga mkono kila siku. Mimi sikumuuliza hata mara moja yeye anaumwa nini. Nitatembea."

Sharti lilikuwa moja. Mkono usiofungwa hautembei. Daktari alisema, na Odeta akasema vilevile. Baada ya Roza, aliyekuwa anamfunga ni Revocatus. Jirani alijaribu mara moja akafunga kama mzigo wa kuni, vidole vikabadilika rangi. Sasa siku ya kuamkia matembezi, Revocatus akapigiwa simu toka mgodini Geita, arudi kazini. Akaondoka na basi la mchana.

Asubuhi nikamsikia Gladness chumbani. Nyayo zinazunguka, zinasimama. Zinazunguka, zinasimama. Mlango wa chumba chake ni pazia tu, na kwenye mwimo wa mlango kuna msumari. Ncha alikuwa ameifunga hapo. Msumari unavuta vizuri, lakini haujui kushuka. Bandeji inakaa vidoleni, ikifika kwenye kiwiko inalegea, inaporomoka yote.

Simu yake ikalia. Alikuwa Odeta, sauti yake ikafika mpaka sebuleni.

"Mama Princess, tunakusubiri wewe hapa barabarani."

"Mkono, mwalimu."

"Nesi anatungoja kule Buzuruga, huku hatuna. Bila bandeji sikuruhusu. Sitaki kumrudishia Revo mgonjwa."

"Nipeni kidogo."

"Kidogo kweli. Jua linapanda."

Akaanza upya. Ikaporomoka. Safari hii alilia, kilio cha mtu aliyejiziba mdomo.

Mimi nimekaa. Uani sitoki, chumbani siingii. Aliyekuwa anapeleka maneno yangu kwake na yake kwangu yuko udongoni nyuma ya nyumba. Nikalitazama lile pazia. Nikainuka.

"Mama Princess."

"Bee, baba."

"Toa ncha kwenye msumari. Ipitishe pembeni ya pazia."

"Baba, hapana. Watasema."

"Ipitishe."

Mashimba akaruka toka mkekani. "Ngosha, mwanamume mzima! Umechanganyikiwa? Huyo ni mkweo! Na uko kwenye tanga!"

"Nimemgusa nani?"

"Bandeji inamgusa yeye, wewe unaigusa bandeji!"

"Na sahani ya ugali anayoniletea, anaibeba kwa meno?"

"Wazee watakuita," akasema.

"Waje. Si wanajua nilipo?"

Ncha ikatokea, nyeupe. Nikaishika juu, nikalipa pazia mgongo, nikavuta.

"Ongeza kidogo, baba. Hapo."

Nyayo zikaanza. Nikawahi kushusha, ikalegea, ikaporomoka. Nikasikia anapumua.

"Turudie, baba."

Tukarudia. Safari hii sikushusha mpaka bandeji yenyewe iniombe. Inavuta chini, namfuata. Nyayo zikasita. Huko barabarani wameanza kupiga ngoma. Likanitoka neno la Roza.

"Cheza, mayo."

Ndani kikatoka kicheko kifupi. Nyayo zikaendelea. Mkono wangu ukashuka mpaka begani, mpaka kifuani, na bandeji ikawa fupi mpaka ikabaki ncha tu.

"Achia, baba."

Nikaachia.

Akatoka, mkono mweupe wote. Akapiga goti bila kunitazama.

"Shikamoo baba. Naenda."

"Marahaba. Nenda."

Nikamfuata mpaka kwenye minyaa. Hapo nikasimama. Mashimba akasimama pembeni yangu. Tulimwangalia mpaka akachanganyika na wenzake.

Siku ile ilikuwa ndefu. Jioni simu ya Mashimba ikalia. Akasikiliza, akanipa.

"Baba, nimefika. Nimeingiza miguu ziwani."

"Mkono?"

"Umekaa vilevile. Nesi wa Buzuruga kautazama tu, kaniambia nipite."

Nikasikia maji, na watu wanaimba. Halafu akauliza, polepole:

"Baba, na kesho asubuhi?"

"Nipo," nikamwambia. "Niende wapi?"